Sinema zinazoulizwa sokoni kila siku na hakuna anayeziuza

Ukipita soko lolote la mpakani, kuanzia Manyovu hadi Mabanda, ukitafuta sinema ya kutazama jioni, hutarudi mikono mitupu. Vijana wenye kompyuta ndogo chini ya mwavuli watakujazia flashi yako filamu za Kihindi, za Kikorea, za Kinijeria, za Bongo na za mapigano ya Kichina, kwa bei ya soda. Wamebaki pia wazee wachache wanaotandika turubai na kupanga diski za miaka ile, zile zenye nyuso kumi za waigizaji kwenye jalada moja na ahadi ya filamu 24 ndani yake, ingawa mnunuzi mzoefu anajua kuwa ya tisa itakwama.

Sasa ndugu msomaji, simama pembeni kidogo usikilize wateja wenye mvi wanauliza nini. Wanauliza Gito. Wanauliza Fimbo ya Mnyonge. Wanauliza ile aliyoigiza Kawawa kabla hajawa Waziri Mkuu. Waliokulia kwenye makazi ya wakimbizi wanauliza mikanda ya Lufufu. Muuzaji anatikisa kichwa na kuwapa ya Mithun Chakraborty badala yake.

Ninaye dada mmoja, mfanyabiashara, anayekwenda Kigoma mara mbili kwa mwezi kufuata vitenge na vyombo vya plastiki. Katika daftari lake la madeni ametenga ukurasa mmoja wa vitu ambavyo wateja wameagiza naye akashindwa kuvipata. Ukurasa huo una vipuri vya cherehani, dawa ya ng'ombe na majina ya sinema saba. Vipuri alivipata, dawa aliipata, akavikata kwa kalamu. Sinema hazijawahi kukatwa. "Mwalimu," aliniambia, "nikizipata hizi, vitenge naacha." Kigoma walimwambia aulize Dar es Salaam. Dar es Salaam wakamwambia kitu kama hicho atakipata Bujumbura. Na Bujumbura ndiko walikomtuma Kigoma.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Nilizaliwa Ulyankulu, mkoani Tabora, katika familia iliyokimbia mwaka 1972. Nikasoma huko, nikaanza kushika chaki huko, nikarudi nchini mwaka 2009 pamoja na wenzangu wa makazi ya zamani. Ukurasa wa dada yule nimeunakili, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiuliza kila niliyedhani anajua. Nilichokigundua ni kwamba nyingi ya sinema hizi hazikupotea. Zipo. Lakini mwenye mkanda siye mwenye haki ya kuuza, na mwenye haki ya kuuza hana mkanda, na mara nyingi hawa wawili hawafahamiani.

Gito, yule aliyerudi

Nianze na inayoulizwa zaidi upande huu wa mpaka. Gito l'ingrat, yaani Gito asiye na shukrani, ni kazi ya Léonce Ngabo, ambaye wengi walimjua kwanza kama mwanamuziki. Ilitoka mwaka 1992, na inahesabiwa kuwa filamu ndefu ya kwanza ya kuigiza kutoka Burundi, ikitengenezwa kwa ushirikiano na Uswisi na Ufaransa. Gito, anayeigizwa na Joseph Kumbela, ni mwanafunzi wa Kirundi aliyemaliza masomo Paris. Anarudi nyumbani akiamini kiti cha uwaziri kimewekwa tayari kinamsubiri. Nyuma ameacha mpenzi wa Kifaransa, Christine, akimuahidi kumwita. Kiti hakipo. Kazi hakuna. Anakutana na Flora, mpenzi wake wa zamani, na mambo yanarudi yalipokuwa. Halafu Christine anashuka kutoka kwenye ndege. Wanawake wale wawili, badala ya kung'oana nywele kama Gito alivyotarajia, wanaungana wamfunze adabu.

Mwezi Februari 1993 filamu hiyo ilipata tuzo ya Oumarou Ganda, inayotolewa kwa kazi ya kwanza ya mwongozaji, katika tamasha la FESPACO mjini Ouagadougou. Mwezi Juni mwaka huo huo Warundi walipiga kura. Mwezi Oktoba Rais Melchior Ndadaye akauawa, na yaliyofuata hayahitaji kusimuliwa na mimi kwa wasomaji wa ukurasa huu. Kwa hiyo mji unaouona nyuma ya Gito, zile barabara, zile nguo, ule utani wa watu wanaosalimiana, ni Bujumbura ya mwisho kabla ya vita. Ilichezwa kuwa kichekesho, ikawa ushahidi.

Kwa sisi tuliotoka nje, tunaoitwa abahungutse, Gito ana ladha ya ziada. Anarudi na kiburi cha shule za ng'ambo na anakuta dunia ilikwenda bila yeye. Nimeiona mara moja tu, katika ukumbi mjini Bujumbura, nikiwa nimesimama nyuma kwa sababu viti vilijaa. Tulicheka mpaka machozi. Waliobaki nchini walikuwa wakimcheka yeye. Sisi tuliorudi tulikuwa tukijicheka.

Nilipofika nyumbani nilimsimulia jirani yangu. Huyu mama ni mwenyeji, hakuwahi kukimbia kuvuka mpaka, na ardhi anayolima ni nusu ya ile aliyoiacha baba yangu mwaka 1972. Niliporudi tuligawana mbele ya wazee, kila mmoja akabaki na nusu na manung'uniko yake. Kwa muda mrefu mazungumzo yetu yalikuwa ya mpaka wa shamba, mbuzi na maji ya mvua. Siku niliyotaja jina la Gito aliweka jembe chini.

Mume wake alikuwa fundi mwashi Bujumbura wakati filamu ile inapigwa. Yeye na wenzake waliitwa wapite nyuma ya waigizaji ili barabara ionekane ina watu. Alipita na baiskeli, akarudishwa, akapita tena, akarudishwa, mara tatu, na jioni akalipwa akaja kuwasimulia nyumbani kwa siku nzima. Aliuawa mwishoni mwa mwaka 1993. Nyumba iliungua pamoja na sanduku la picha. Watoto wake wawili hawajui sura ya baba yao.

"Ulimuona?" aliniuliza. Nilikuwa nikimtazama Gito, kama kila mtu ukumbini. "Mimi sihitaji uso," alisema. "Nikiuona mgongo tu nitamjua."

Tangu siku hiyo, anayekwenda Bujumbura au Kigoma kutoka kwenye mlima wetu hutumwa. Diski halali ya Gito, yenye jalada, sijaikuta kwenye duka lolote, na wala hao waliotumwa hawajaikuta.

Mkanda uko wapi?

Vijana wangu darasani wanadhani filamu ni faili, unaikopi na kuondoka. Filamu ya zamani ni mzigo. Filamu ya dakika 90 kwenye mkanda wa milimita 35 ina urefu wa karibu mita 2,460, imegawanywa kwenye makopo manne au zaidi, na ndani yake mna picha karibu 130,000 zinazopita 24 kila sekunde. Kopo moja likikaa kwenye joto na unyevunyevu wetu, mkanda huanza kutoa harufu kali ya siki, unajikunja, unasinyaa, na baada ya hapo hakuna mashine itakayoupitisha. Harufu hiyo ya siki ndiyo kilio cha mwisho cha sinema, na waliowahi kufanya kazi kwenye ghala la filamu wanaijua.

Filamu nyingi za Kiafrika za miaka ile zilisafishwa na kuchapishwa kwenye maabara za Ulaya. Mkanda hasi, yaani ule wa asili uliotoka ndani ya kamera, ukabaki huko huko ulikosafishiwa. Nakala zilizorudi nyumbani zilikuwa za kuonyeshea tu, zikapita kwenye mashine mpaka zikachanika. Maabara ile ikifungwa au kuuzwa, makopo yanahamishwa kwenye ghala jingine chini ya namba ambayo huenda mwongozaji mwenyewe haijui.

Kisha kuna makaratasi. Filamu ya ushirikiano wa nchi mbili au tatu ina wenyewe wawili, watatu, wanne. Mmoja alitoa pesa, mwingine kamera, mwingine alikuwa kituo cha televisheni. Mikataba ya wakati ule ilizungumzia majumba ya sinema na kuonyeshwa kwenye runinga. Diski haikuwepo, kwa hiyo haikuandikwa. Wimbo uliokubaliwa kupigwa ndani ya filamu ukumbini haukukubaliwa kuuzwa dukani. Ukitaka kutoa diski leo unapaswa kuwatafuta wote hao, au warithi wao, na mmoja tu akikataa, au akikosekana, kazi imesimama.

Ndiyo maana filamu hizi zinaonekana bila kupatikana. Paris kuna hazina inayoitwa Cinémathèque Afrique, iliyoanzishwa mwaka 1961, yenye filamu za Kiafrika zaidi ya elfu moja. Inazitoa kwa maonyesho yasiyo ya biashara: ukumbi wa utamaduni, tamasha, chuo. Unaweza kuitazama ukiwa umekaa mbele ya kitambaa, taa zikiwaka imekwenda zake. Mwenye tiketi ya Bujumbura ataiona siku hiyo. Mama wa Mabanda mwenye shamba la mihogo ataiona lini?

Na hapa ndugu zangu wafanyabiashara mtanivumilia. Sababu nyingine ni sisi. Mwenye haki za filamu akifikiria kuitoa kwenye diski anajua kuwa wiki ya pili itakuwa kwenye flashi zote kuanzia Uvira hadi Kasulu, bila yeye kupata hata nauli. Simlaumu anayeogopa. Lakini hesabu yake ina kasoro moja: anahesabu wateja wa Ulaya, anakuta mia mbili, anafunga kabati. Ukurasa wa yule dada haumo kwenye hesabu yake. Wateja wa hapa hawajawahi kuhesabiwa na mtu yeyote, isipokuwa wale wanaotikisa kichwa sokoni.

Kutoka kijijini, kurudi kijijini

Kwangu mimi jina la kwanza kwenye ukurasa ni Fimbo ya Mnyonge. Ilitengenezwa miaka ya 1970 na Kampuni ya Filamu Tanzania, shirika la umma lililoanzishwa mwaka 1968. Ni habari ya kijana anayetoka kijijini, anakwenda Dar es Salaam kutafuta kazi, mji unamkataa, na mwishowe anapata maisha katika kijiji cha ujamaa. Ilikuwa sinema ya siasa, hilo halina ubishi. Ilitengenezwa ili watu wakubali kwenda vijijini. Lakini mtoto wa miaka saba hajui siasa.

Gari la sinema lilikuja kwetu Ulyankulu jioni moja. Kitambaa kilifungwa kati ya miti miwili, na watu walikaa pande zote mbili, waliokosa nafasi mbele wakitazama kwa nyuma ambako maandishi yalisomeka kinyume. Tulikuwa watoto wa wakimbizi, tumezaliwa pale, hatujawahi kuiona nchi ya wazazi wetu wala Dar es Salaam. Yule kijana alipopotea mjini tulipiga kelele tukimuonyesha njia. Kisha jenereta ikakata mafuta. Ikawa giza, fundi akatangaza samahani, gari likaondoka asubuhi na halikurudi. Mwisho wa Fimbo ya Mnyonge nimesimuliwa na watu wengi. Kuuona, bado.

Kampuni ile haipo tena. Shirika la umma linapokufa, mali zake zenye bei zinapata mnunuzi upesi: magari, majengo, viti. Makopo ya filamu hayana bei sokoni, kwa hiyo yanahamishwa kutoka stoo hii kwenda ile mpaka asiwepo mtu wa kusema yako stoo gani. Na haki za kuuza zinarithiwa na nani? Na serikali, utaambiwa. Ofisi ipi ya serikali? Hapo ndipo simu hukatika.

Kabla ya hiyo kulikuwa na Muhogo Mchungu, ya mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mhusika mkuu ni mtu wa shamba anayefika mjini, na mwigizaji wake alikuwa kijana Rashidi Kawawa, wakati huo mtumishi wa serikali ya kikoloni katika ustawi wa jamii. Mwaka 1962 Kawawa akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Alifariki tarehe 31 Desemba 2009, na sisi tuliosoma Tanzania tunamjua kama Simba wa Vita. Fikiria nchi iliyokuwa na Waziri Mkuu aliyewahi kuwa nyota wa sinema, na wananchi wake hawawezi kwenda dukani kununua sinema hiyo. Waliotengeneza mfululizo ule walishirikiana na kampuni ya Afrika Kusini, kwa hiyo tayari unajua ugumu wa kuuliza makopo yako wapi. Katika mfululizo huo huo kuna nyingine inayoitwa Chalo Amerudi. Sihitaji kueleza kwa nini jina hilo linanikaa kichwani.

Ukirudi nyuma zaidi unafika Vugiri, kwenye milima ya Usambara mkoani Tanga. Kati ya mwaka 1935 na 1937 palikuwa na mradi wa Waingereza, ukiongozwa na Meja L. A. Notcutt, wa kuwatengenezea Waafrika sinema. Walitengeneza filamu 35 na kuzizungusha kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda na mpaka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Moja iliitwa Gumu, na ilihusu kijana anayetoka kijijini kwenda mjini. Kati ya filamu zote hizo 35 zimebaki tatu, zimehifadhiwa London. Zilizobaki ni ya mafunzo ya mifugo, ya minyoo ya safura na ya mashamba ya Kingolwira. Gumu hayumo.

Umeona kitu, msomaji? Gumu anakwenda mjini miaka ya 1930. Kawawa anakwenda mjini miaka ya 1950. Kijana wa Fimbo ya Mnyonge anakwenda na kurudi miaka ya 1970. Gito anarudi kutoka Paris mwaka 1992. Kwa miaka karibu 60 sinema za sehemu hii ya dunia zimekuwa zikisimulia habari moja, ya mtu aliyeondoka kwao na maswali ya kurudi kwake. Sisi ambao tumeishi habari hiyo kwa miguu yetu ndio tusioweza kuzitazama.

Sauti ya Lufufu

Kuna aina nyingine ambayo hata mzungu mwenye ghala bora hana, kwa sababu haikuwahi kuingia ghalani. Miaka ya 1990 na 2000 vibanda vya video vilienea: ukuta wa matete, runinga moja, deki, jenereta nje, mabenchi. Filamu zilikuwa za Kihindi, za Marekani au za Hong Kong, na wengi wetu hatukuelewa neno. Ndipo ikaja mikanda iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu. Aliingiza sauti yake juu ya filamu, akisimulia, akigombeza wahusika, akieleza hata yale ambayo mwongozaji hakuyasema. Baba yangu, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kubabaisha mpaka anafariki, alikuwa akisema anakwenda "kumsikiliza Lufufu". Hakusema anakwenda kutazama filamu.

Mikanda hiyo haiwezi kutolewa tena kihalali. Filamu ni ya kampuni ya nchi nyingine, sauti ni yake, na hakuna mkataba uliounganisha viwili hivyo. Ilinakiliwa kutoka mkanda hadi mkanda mpaka rangi zikawa za maji, kisha diski zikaingia, na watu wakarekodi harusi na ubarikio juu yake. Filamu za asili unazikuta kila mahali. Tulichopenda sisi kilikuwa ile sauti.

Zilizofunguliwa

Nisiwakatishe tamaa, kwani makabati mengine yamefunguliwa. Chukua sinema za kareti za kampuni ya Shaw Brothers ya Hong Kong, ambazo watu wa Dar es Salaam walizijaza kumbi miaka ya 1970. Kwa miaka mingi kampuni haikuzitoa vizuri kwa ajili ya nyumbani; tulichokuwa nacho ni nakala za nakala, pande zote za picha zimekatwa, mpiganaji anapiga teke na mguu unaishia nje ya kioo. Mwaka 2000 kampuni ya Celestial Pictures ilinunua haki za filamu zaidi ya 760 kwa mkupuo, ikazisafisha, na kuanzia Desemba 2002 ikaanza kuzitoa kwenye diski. Leo The 36th Chamber of Shaolin ya mwaka 1978 unaiona safi kama imepigwa jana. Kilichohitajika ni mtu mmoja kununua haki zote na kuzimiliki mkononi.

Au Sambizanga, ya Sarah Maldoror, ya mwaka 1972, kuhusu mke anayemtafuta mume wake aliyekamatwa na Wareno nchini Angola. Anatembea kutoka gereza hadi gereza na mtoto mgongoni. Kwa miongo kadhaa ilikuwa ya kusimuliwa tu. Mwaka 2017 shirikisho la watengeneza filamu wa Afrika, FEPACI, pamoja na UNESCO na taasisi ya Martin Scorsese, walianzisha mradi wa kuokoa filamu 50 za Kiafrika kwa kuanzia. Sambizanga ikasafishwa mwaka 2021, na mwaka uliofuata ikatoka kwenye diski Marekani. Ikiwa ya Angola iliwezekana, sioni kwa nini ya Burundi au ya Tanzania isiwezekane. Kinachotakiwa ni mtu wa kwetu kupeleka jina, na mkanda kupatikana kabla haujaanza kunuka siki.

Hata Sholay, ambayo kila mmoja wetu anadhani anayo, ilikuwa pungufu. Ilipotoka mwaka 1975 India ilikuwa chini ya hali ya hatari, na wakaguzi wakakataa mwisho wake, ambapo afisa wa zamani wa polisi anamuua Gabbar Singh kwa miguu yake. Ikapigwa upya, polisi wakafika kwa wakati. Toleo lililosafishwa lenye mwisho wa kwanza lilionyeshwa mjini Bologna, Italia, Juni 2025, miaka 50 baadaye. Dada wa vitenge alinibishia nusu saa kwamba Gabbar alikamatwa. Amekulia na mkanda ule, ana haki ya kubisha.

Kwa hiyo nina ombi, hasa kwenu mnaovuka mpaka. Katika masanduku ya watu waliorudi kutoka Ulyankulu, Katumba na Mishamo, na katika vibanda vilivyofungwa Kigoma na Kasulu, bado kuna mikanda ya VHS inayotumika kuegemeza meza. Kampuni ya Funai ya Japani, ya mwisho kujulikana kutengeneza deki za VHS, iliacha mwaka 2016, hivyo deki zilizopo zinapungua kila mwaka. Ukikuta mkanda wenye maandishi ya Lufufu, au uliorekodiwa kutoka kwenye runinga yetu kabla ya Oktoba 1993, usiuingize kwenye deki chafu ili kujaribu. Ukiona madoa meupe kama unga, huo ni ukungu, uache ulivyo. Usiufungue, usiusugue na spiriti. Uusimamishe kama kitabu, mahali pakavu, mbali na jiko. Mafundi wa picha za harusi mjini ndio wenye deki nzima, na wanaweza kuuhamishia kwenye kompyuta kwa malipo ya kawaida.

Na kabla ya yote hayo, vunja kile kipande kidogo cha plastiki kilichoko ubavuni mwa mkanda, ili asije mtu akarekodi ubarikio wa mjukuu wake juu yake. Kisha mpelekee mhariri wa gazeti hili ujumbe. Ikiwa ni Gito, nitakuja mwenyewe na jirani yangu. Mwenye deki asiharakishe zile sehemu za barabarani. Kuna mtu anataka kuwatazama wanaopita nyuma.